Saloni yetu ni mita tatu, mume wangu anataka fotei za watu saba

Yaya, dada yangu mkubwa, jambo.

Ninakuandikia toka Katuba, hapa Lubumbashi, tunakokaa mimi na mume wangu na watoto wetu wawili. Nyumba yetu ni aneksi, kijumba ndani ya lupango, ua wa mwenye nyumba: chumba kimoja cha kulala, saloni moja ya kuketi, na kipande cha baraza nyuma ninapowasha makala, makaa ya kupikia. Saloni nimeipima kwa kamba. Ni mita tatu kwa mita mbili na sentimeta sitini. Humo kuna meza ya televisheni, viti vinne vya plastiki, friji iliyokufa ambayo nimeigeuza kabati ya vyombo, na godoro la watoto. Mchana godoro linasimama ukutani nyuma ya rido, yaani pazia, usiku tunalilaza.

Mwezi ujao ni zamu yangu kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu. Nitashika dola 400. Tangu mwanzo tulipatana na baba ya watoto kwamba pesa hiyo itatengeneza saloni, na kwenye hilo hatugombani. Tunagombana kwenye saloni yenyewe.

Yeye ameona mjini fotei, yaani makochi, za watu saba: moja ya watatu, moja ya wawili, na mbili za mtu mmoja mmoja. Wanasema zimetoka Dubai. Rangi ni ya maziwa, mikono yake minene kama mto wa kulalia. Bei ni dola 850. Muuzaji anakubali tutoe hizo 400, halafu tulipe zinazobaki kwa miezi sita. Mume wangu anarudi kuzitazama kila anapopita huko. Anasema: «Watu wakiingia kwetu, waone kwamba tumesimama.»

Mimi naziona zitatufukuza ndani. Kwenye simu nimeona picha za nyumba ndogo za watu wa mbali, vitu vyao vyepesi, miguu myembamba, sakafu inaonekana, na bado nyumba ina uzuri. Nikauliza kwenye maduka ya mjini: kitu kidogo cha namna hiyo bei yake ni karibu sawa na kikubwa. Nikafikiria mafundi wa kando ya barabara, lakini ninawaogopa. Kitanda tulichonunua kwao miaka miwili iliyopita kilianza kulia baada ya miezi mitatu, viungo vikafunguka, na sasa kila asubuhi ninafagia chini yake unga mweupe kama wa muhogo.

Lazima nikueleze jambo moja kuhusu mume wangu, usije ukamwona mtu wa kujionyesha. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa migodi. Zamani walikuwa na saloni nzuri kabisa, na baba alikuwa na kiti chake ambacho mtoto hagusi. Mishahara ilipokatika, vitu vilianza kutoka nyumbani kimoja kimoja, na viti vya saloni vikauzwa. Mume wangu alikuwa na miaka kumi. Ni yeye aliyesaidia kubeba kile kiti mpaka kwenye pusupusu, mkokoteni wa mnunuzi.

Mwezi wa kumi na mbili mama mkwe na mashemeji watatoka Likasi kuja kwenye ubatizo wa mdogo. Wataketi wapi? Mkubwa wetu, yule wa kiume, ana miaka tisa, anaandika kazi zake za shule kwenye kizingiti cha mlango kwa sababu ndiko kuna mwangaza, kwa hiyo hata wageni wawili wakija lazima aondoke.

Yaya, kwa dola 400 inawezekana kupata saloni ya kisasa yenye heshima? Duka au fundi? Na nimwambieje mume wangu bila kumvunja?

Mama wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama mwishoni, pale ulipopita haraka: mtoto anaandika kwenye kizingiti. Umemweka hapo kama jambo la wageni kukosa njia. Mimi hapo ndipo ninapoanzia, na nitakuambia kwa nini.

Nilipoolewa tulikaa Kamalondo, kwenye vyumba viwili kama vyako. Tulinunua fotei kubwa, nzuri kwelikweli, na kwa miaka minane watoto wangu waliandika wakilala tumbo kitandani, daftari juu ya mto. Nilikuwa ninapangusa fotei kila siku. Sikuwahi kukaa nikajiuliza nani anaitumia. Leo hao watoto ni wakubwa na wameenda zao, na hiyo ni miaka ambayo siwezi kuirudisha. Basi katika dola zako 400, kabla ya kitu kingine chochote, toa meza.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo ugomvi wenu utakapopungua bila mtu kupaza sauti. Usimwambie mume wako kwamba fotei ni kubwa. Nunua chaki. Fotei ya watu watatu ya aina hiyo huwa na urefu wa mita mbili na zaidi, na kina chake, toka mgongo mpaka mbele, kinafika sentimeta 90 au 95. Ya wawili ina kina hichohicho. Ukiziweka zitazamane kwenye upana wako wa mita 2.60, zinakula mita 1.90. Zinabaki sentimeta 70 za magoti ya watu wote, meza ya kati, na njia ya kupita na sahani. Zile mbili za mtu mmoja mmoja bado hazijaingia. Jioni watoto wakiwa nje, chora hayo yote sakafuni pamoja naye, yeye ndiye ashike metre ya kupimia, wewe ushike chaki. Halafu mpime mlango. Milango ya aneksi zetu nyingi ni myembamba, na nimeona fotei iliyolipwa ikilala uani siku tatu chini ya mwembe kwa sababu haikuingia, mpaka fundi alipokuja kung'oa fremu ya mlango.

Kuhusu mkopo nitasema kidogo tu. Dola 450 kwa miezi sita ni dola 75 kila mwezi. Wewe unajua kinachoingia nyumbani kwenu, mimi sijui. Kama ni lazima mhesabu mara mbili ili kuona kama zitapatikana, basi hazipo. Na ile rangi ya maziwa, mdogo wangu, kwa vumbi letu jekundu la mwezi wa nane na wa tisa, na watoto wawili wanaotoka kucheza kwenye lupango! Halafu kagua chini ya fotei za namna hiyo kabla ya kusifu ngozi yake. Nyingi zinajengwa kwa mbao za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi. Mbao hizo zikinywa maji ya kupangusia sakafu zinavimba kama mkate, na skrubu ikitoka mara moja hairudi kushika.

Hofu yako juu ya fundi ninaielewa, lakini kitanda chako kiliharibika kwa sababu mbili ambazo mnunuzi anaweza kuziona kabla ya kulipa.

Viungo vilifunguka kwa sababu mbao zilikuwa mbichi. Mti uliopasuliwa juzi una maji mengi ndani. Fundi akitengeneza kitanda wakati wa mvua kwa mbao mbichi, ukifika mwezi wa saba hewa yetu inakauka hadi midomo inapasuka, na mbao nazo zinakauka, zinapungua, ulimi wa kiungo unacheza kwenye tundu lake. Ndipo kitanda kinaanza kulia. Ubao wa unene wa sentimeta mbili na nusu unataka miezi mingi kivulini, na mafundi wazee watakuambia mwaka mzima. Ukifika kwenye atelye, karakana ya fundi, tazama mbao zimepangwaje. Fundi anayejua kazi anaziweka juujuu, na kati ya ubao na ubao ameweka vijiti ili upepo upite. Shika vipande viwili vya mti mmoja, vya ukubwa mmoja: kizito zaidi bado kina maji. Weka ubao kwenye shavu. Ukiwa na ubaridi wa maji utausikia. Bahati yako ni kwamba mvua bado haijaanza. Mbao zilizokaa kivulini tangu kiangazi kianze ziko vizuri sasa kuliko zitakavyokuwa mwezi wa kwanza.

Ule unga mweupe ni wadudu wanaotoboa mbao, na wao wanapenda sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe iliyo karibu na ganda. Tuchukue mulombwa, mti wetu wa saloni tangu enzi za wazazi, ambao Watanzania wanauita mninga na ndugu zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, wanauita mukwa. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Moyo wake wa kahawia hauliwi hovyo na wadudu wala mchwa, na ukishakauka hauvimbi wala haupungui sana, mvua ije au kiangazi. Lakini ukingo wake mweupe unaliwa kama mbao nyingine yoyote. Kuna mafundi wanaopaka verni nyeusi juu ya ukingo huo, na macho yako hayaoni kitu. Ndiyo maana ninakuomba jambo moja ulishike kuliko mengine: mkubaliane kwamba utakuja kuiona kazi ikiwa uchi, kabla ya kupakwa chochote. Ukiona mstari mweupe kwenye mguu au kwenye fremu, ubao huo ubadilishwe.

Mulombwa si wa bei ndogo, na sitaki uufanye nyumba nzima. Misitu yetu imechoka. Mti ulio ndugu yake, mukula, ulikatwa hapa Katanga kwa haraka ya kutisha kupelekwa China, na tangu 2019 biashara yake ya kuvuka mipaka iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kusimamia biashara ya miti na wanyama walio hatarini. Basi mulombwa tuuweke pale mkono unapogusa na jicho linapotua, na miguu tuifanye chuma.

Chuma ndicho kitakachokupa zile picha za kwenye simu. Miguu myembamba unayoipenda, kwa mbao inataka mti mgumu na fundi wa hali ya juu. Kwa tibu, bomba la chuma, ya mraba ya milimita 30, fundi yeyote mzuri wa kuchomelea anaiweza. Akiikwangua kutu vizuri, akapaka rangi ya kuzuia kutu kwanza, halafu nyeusi isiyong'aa, na juu ukaweka ubao wa mulombwa uliosuguliwa na kupakwa mafuta, hakuna mgeni atakayeuliza ulinunua bei gani. Atauliza wapi. Faida ya pili unaijua mwenyewe: mji huu umejengwa kwa matofali ya udongo wa vichuguu, na wenye vichuguu bado wako chini ya sakafu zetu. Mchwa hawali chuma. Ila wanaweza kukipanda kwa njia zao za udongo, kwa hiyo acha sentimeta tatu kati ya kila kitu na ukuta, na upitishe jicho nyuma kila wiki.

Sasa nikupangie saloni kama ningekuwa mimi.

Kwenye ukuta mrefu weka benchi ya urefu wa sentimeta 190 na kina cha 80. Fremu ni tibu, juu vipande vya mbao vilivyoachana kidogo, halafu musi, yaani sponji ya godoro, ngumu ya sentimeta 12. Musi usiinunue kwa macho. Ikalie, hesabu hadi mia, simama, uone kama inarudi. Mgongoni weka mito minene ya sentimeta 20, na hapo watu watatu wanaketi wima kama wageni wa heshima. Usiku mito inatoka, na mkubwa wako ana kitanda. Chini ya fremu iache sentimeta 25 wazi. Fundi akukatie triplexi, ubao wa plaiwudi, yenye magurudumu manne madogo, godoro la mdogo likae juu yake, mchana linasukumwa chini ya benchi. Kama godoro lenu ni pana kuliko benchi, mpunguzieni mdogo musi yake. Bado hana miguu mirefu. Rido lile linaondoka, ukuta unarudi kuwa wako, na wewe unapata ile sakafu inayoonekana kwenye picha. Gamba la musi liwe na zipu ili ufue. Chagua kitambaa kizito cha rangi ya udongo au majivu, kisha mito miwili tu ya kitenge. Ukiweka kitenge kila mahali katika chumba cha mita tatu, macho hayapati pa kupumzika.

Meza ya mtoto iwe ya kukunja, yenye bawaba ukutani karibu na dirisha au mlango, mahali alipoufuata mwangaza mwenyewe. Ubao wa mulombwa wa sentimeta 80 kwa 45, mkono wa chuma chini yake. Wageni wakija inalala ukutani. Mkila inasimama. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, fundi afunge kwanza ubao mrefu ukutani kwa skrubu nyingi, kisha bawaba zishike huo ubao. Muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa, msije mkapoteza garanti, pesa ya dhamana ya nyumba, kwa ajili ya matundu manne.

Stuli tatu zinazoingiana, ndogo chini ya kubwa, ni meza ya kati siku za kawaida na viti siku za watu. Friji iliyokufa iuze kwa wanaonunua vyuma. Ninajua inatunza vyombo, lakini imekula nafasi ya etajeri, rafu inayopanda mpaka karibu na dari, na etajeri hiyo itakuja siku nyingine, si kwa pesa hii.

Baki nami kwenye kitu cha mwisho, fotei ya mtu mmoja.

Mume wako alikuwa mtoto wa miaka kumi, akabeba kiti cha baba yake kwenda kukipandisha kwenye pusupusu ya mtu mwingine. Mdogo wangu, nimeandika majibu mengi ya ndoa na sijasoma wengi wanaomtetea mume wao namna ulivyomtetea wewe. Saba ni hesabu ya muuzaji. Kilichotoka nyumbani kwao kikamchoma ni kimoja. Agiza kiti kimoja cha mulombwa, chenye mikono, kilichopimwa kwa mwili wake: fundi apime toka kisigino hadi nyuma ya goti, apime mapaja, apime mgongo. Mikono iwe ya mbao tupu, isiyofunikwa, ambayo itang'aa kwa mikono yake mwaka hadi mwaka. Kiwekwe mahali anapoona mlango. Usimfanyie siri. Mwambie: «Ninataka urudishe kile kiti.» Sina maneno mazuri kuliko hayo, na hayo yametoka kwenye barua yako.

Bei sasa. Haya ndiyo mafungu ambayo ningejiwekea nisiyapite katika hizo 400: benchi pamoja na musi na kitambaa, 170, triplexi ya magurudumu, 20, meza ya ukutani, 45, stuli tatu, 45, kiti cha baba, 80. Hiyo ni 360. Arobaini zinabaki za pusupusu, rangi ya kuta, na fundi atakayekuambia skrubu zimepanda bei. Kama kiti kitapita 80, usikate mbao yake. Ondoa stuli moja.

Usilipe zote mwanzoni. Nusu unatoa mbele, na ni bora zaidi muende pamoja kununua mbao na chuma, fundi ashike pesa ya mikono yake tu baadaye. Mchoro wenye vipimo uandikwe kwenye karatasi mbili, mmoja wako, mmoja wake, wote mmetia sahihi na tarehe ya kumaliza. Kwa fundi wa chuma ongeza wiki moja kwenye tarehe hiyo kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Na kabla ya kuchagua atelye, omba akuonyeshe kazi aliyoitengeneza mwaka jana, nyumbani kwa mtu. Kazi mpya zote ni nzuri.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaikumbuki. Wafanyakazi wa makampuni ya migodi mikataba yao ikiisha wanauza vitu vya nyumba kwa siku mbili tatu kabla ya kusafiri, na hapo unaweza kupata kiti cha mbao imara kwa pesa kidogo. Nenda na metre, nenda na vipimo vya mlango, na usinunue kitu kwa sababu tu kimeshuka bei.

Kuhusu mama mkwe na mashemeji: ni lini uliona ubatizo ukifanyika ndani ya saloni? Watu watakaa kwenye lupango. Mtakodi viti vya plastiki kama kila mtu anavyofanya, na kwa sababu ni mwezi wa mvua mtafunga turubai toka ukutani hadi kwenye mti. Ndani ataingia mama mkwe na wakubwa wawili. Hao wana benchi. Na kama mume wako atasimama na kumkalisha mama yake kwenye kile kiti, ondoka uende ukatazame sufuria, uwaachie nafasi.

Mkishapatana, fundi atawauliza meza ya ukutani iwe juu kiasi gani, na atataka kuandika 75 kwa sababu ndicho kipimo cha watu wazima. Msiseme chochote kwanza. Mwite mkubwa wako, mkalishe kwenye stuli atakayoitumia, akunje mkono, kisha umpime toka kiwiko mpaka chini. Namba hiyo ndiyo mumpe fundi.